Msianze na Kariakoo

Alhamisi ile kliniki mkunga alinipima presha, akapima tumbo kwa ile tepu yake, akaandika kwenye kadi, kisha bila hata kuinua macho akaniuliza: "Uchungu ukikushika saa nane usiku, unatokaje nyumbani?"

"Mume wangu yupo," nikamjibu.

"Mume wako ni gari?"

Wenzangu waliokuwa kwenye benchi walicheka, nami nikacheka nao, lakini swali lile nilipanda nalo daladala na usiku nikalala nalo. Nilikuwa wiki ya 34, mimba ya kwanza. Jumatatu mume wangu alikuwa anaondoka kwenda Dodoma kikazi, wiki mbili nzima. Tulibakiwa na Jumamosi na Jumapili tu, na humo tulishapachika manunuzi, kufua, kupanga chumba, ibada, kikao cha harusi ya binamu yake, na mazungumzo na wazazi ambayo tulikuwa tunayakwepa tangu mimba ina miezi mitano.

Naandika kwa mama kijacho na baba kijacho ambao wikendi yao hiyo haijafika. Sisi karibu kila kitu tulikifanya, ila kichwa chini miguu juu. Vinavyouzwa dukani tulivikimbilia asubuhi ya kwanza. Visivyouzwa popote tukaviachia usiku wa mwisho.

Jumamosi saa mbili tukapanda mwendokasi Kimara, tukashuka Msimbazi. Anayeijua Kariakoo ya Jumamosi hahitaji kusimuliwa. Mtaa wa Kongo ulikuwa umejaa mpaka mtu unabebwa na watu, mikokoteni inapita inapotaka, na baba kijacho wangu mbele amenyoosha mkono kama trafiki: "Mpisheni mjamzito! Mpisheni!" Niliona aibu, lakini njia ilipatikana. Wauzaji wakilitazama tumbo tu wanaanza: "Mama kijacho, karibu, vya kiume vipo, vya kike vipo!" Ukienda na orodha, orodha inasahaulika. Tulinunua beseni, nepi za kitambaa dazeni mbili, kofia nne, soksi sijui jozi ngapi, viatu (mtoto wa siku moja anakwenda wapi na viatu?), na nguo za saizi ndogo kabisa, rundo zima, kwa sababu zilikuwa zinapendeza. Saa saba pesa imeisha, miguu yangu imevimba kama maandazi, na khanga hatujanunua.

Kwa khanga msihangaike. Ombeni za zamani kwa shangazi na mama zenu. Khanga mpya ina ugumu wa dukani, hainyonyi maji mpaka ifuliwe mara kadhaa. Iliyochakaa ndiyo ya kumpokelea mtoto. Mama yangu alinitumia sita kwa basi kutoka Tanga, laini kama pamba, moja ina tundu, na hiyo yenye tundu ndiyo iliyofanya kazi kuliko zote. Za saizi ndogo, kununua chache kunatosha: wangu alizaliwa na kilo 3.8, zile za Kariakoo tulizigawa kabla ya arobaini.

Mkoba wa hospitali ni habari nyingine, na hapo msifuate orodha ya jirani. Kila hospitali ina orodha yake, ulizeni hiyohiyo mtakayokwenda. Yetu ilitaka khanga, pedi kubwa, pamba, mpira wa kutandika kitandani, glovu, wembe, kibanio cha kitovu, nguo za mtoto, beseni na chupa ya chai. Jumamosi jioni nilikaa chini nikapakia vizuri, kila kitu kimekunjwa, nikajisifu. Mdogo wangu, ambaye alikuwa amekuja kukaa nami, akanitazama, akasema: "Dada, sasa nikiambiwa na manesi nilete kofia, nitaijulia wapi?" Tukamwaga vyote, akapakia yeye. Atakayesimama nje ya leba ndiye anayepaswa kupakia, kwa sababu ndiye atakayetumwa. Khanga mbili na nguo za kwanza za mtoto ziwe juu kabisa, na kadi ya kliniki ikae mfuko wa nje, isifichwe kabatini "isipotee."

Jumapili tulikwenda ibada ya kwanza. Kikao cha harusi tukatuma mchango na salamu, wakanuna kidogo, yakaisha. Tukiwa bado nje ya kanisa nikaanza suala la damu, maana kundi langu la damu ni O hasi.

Hapa nikae kidogo, kwa sababu nimekutana na wengi ambao kundi lao limeandikwa kwenye kadi na hawajawahi kulisoma. Kama mama ni hasi na baba ni chanya, mtoto anaweza kuwa chanya. Damu yake ikichanganyika na ya mama, mwili wa mama unaweza kutengeneza kinga ya kuipiga damu hiyo. Mtoto wa kwanza kwa kawaida hapati shida, ila mimba zinazofuata zinaweza kuingia matatani. Kuna sindano ya kuzuia, inaitwa anti-D. Mimi nilichomwa moja wiki ya 28, na baada ya kujifungua, mtoto akipimwa akaonekana chanya, mama anachomwa nyingine ndani ya saa 72. Sindano hii si ya bei rahisi, inatunzwa kwenye friji, na si kila duka la dawa inapatikana. Swali la kupeleka hospitali mapema ni hili: mnayo, au tuitafute wenyewe? Sisi tuliuliza mapema, na ndiyo maana siku yenyewe hakuna aliyezunguka mjini kuisaka.

Na O hasi anaongezewa damu ya O hasi. Pale nje ya kanisa mume wangu akaanza kupiga simu, ndugu mmoja mmoja: "Kaka, wewe damu yako kundi gani?" Wengi hawakujua. Wawili wakasema wanadhani. Mwisho akapatikana mjomba wangu mmoja, mchangiaji damu wa miaka mingi, kadi yake anayo mfukoni. Akatuambia, "Msisubiri siku yenu. Mimi naishi Ubungo, simu yangu haizimwi." Hata kama kundi lenu ni la kawaida, tafuteni watu wawili watatu walio tayari kuchangia, na wajulishwe kabla.

Mchana ukabaki wa wazazi. Kwetu Tanga, mimba ya kwanza binti anarudi kwao akajifungulie kwa mama yake. Kwa mume wangu Moshi, mama mkwe anakuja na mkungu wa ndizi, anakupikia mtori na supu mpaka mashavu yajae, na mtoto wa mwanawe anampokea yeye. Kila mama alikuwa ameshajiandaa, na kila mmoja alidhani mwenzake anajua. Kosa lilikuwa letu, tulikuwa tunamwitikia kila mmoja "sawa mama."

Nilitaka tutume ujumbe. Mume wangu akakataa, akasema mzazi haandikiwi ujumbe kwa jambo kama hili. Kila mmoja akampigia mama yake mwenyewe, na hilo nalishauri sana: mkwe asitumwe kupeleka habari chungu. Mama yangu, baada ya shikamoo na marahaba, alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza kitu kimoja tu: "Na nani atakukanda?" Nikamwambia njoo wewe, siku kumi na nne za mwanzo, maji ya moto na kukanda ni yako. Mama mkwe aje baada ya hapo, na ndizi zake. Moshi nako kukawa na kimya kidogo, halafu mama mkwe akasema, "Basi mwambieni mama yenu asimpe uji mwepesi." Tukajua imepita.

Wote wawili tuliwaeleza pia yale ya mkunga: kitovu hakipakwi chochote cha kienyeji, na mtoto ananyonya ziwa peke yake miezi sita, hata maji asipewe. Afadhali yasemwe mapema kwenye simu, kuliko kunyang'anyana kijiko na mzazi wako mtoto akiwa analia.

Suala la likizo halikuchukua muda. Mimi sheria inanipa siku 84, barua nilishaipeleka kwa sababu mwajiri anatakiwa kupewa taarifa miezi mitatu kabla. Baba anapata siku 3, tena azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Mume wangu alidhani ni wiki mbili. Kama una likizo ya mwaka, baba kijacho, usiimalize.

Ikafika saa nne na nusu usiku. Nguo zake za safari ziko kwenye begi, tumechoka, na lile swali la mkunga bado halina jibu. Mume wangu akasema, "Twende sasa hivi." Nilidhani anatania. Alikwisha kuvaa viatu.

Tunaishi Mbezi, mtaani ndani, mwendo kidogo kutoka barabara ya lami. Dereva wa bajaji tuliyemtegemea, yule anayenipeleka kliniki, simu imezimwa. Wa pili akapokea, akaja. Tukatoka na mkoba kama watu wenye uchungu kweli, tukafika getini. Geti lina kufuli. Miezi minane tunaishi pale, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kutoka baada ya saa tano. Ufunguo analala nao mama mwenye nyumba, naye chumba chake kiko nyuma, na feni yake ina kelele. Tuligonga kwa adabu, tukagonga bila adabu. Dakika ishirini. Bajaji inanguruma nje, sisi ndani.

Alipotoka tulimweleza, akatutazama kama vichaa. Kesho yake asubuhi akachongesha ufunguo wa ziada, akanipa.

Hata hivyo tulikwenda. Usiku njia ilikuwa nyeupe, dakika 25. Mchana, kwa foleni, saa nzima haitoshi. Pale hospitali tukagundua geti tunaloingilia kliniki linafungwa jioni, usiku mnazunguka upande wa dharura. Mlinzi akatuonyesha, akatuombea heri. Tuliporudi, tukabandika karatasi nyuma ya mlango: madereva watatu wanaopokea simu usiku, jirani mwenye gari, mjomba wa Ubungo, na 115, namba isiyolipiwa ya m-mama, usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga. Chini yake mdogo wangu akaandika yale ya kutosubiri uchungu wala kukucha: damu, chupa kupasuka, kichwa kuuma vikali, macho kuona kiwi, uso au mikono kuvimba ghafla, degedege, homa kali, mtoto kupunguza kucheza. Uchungu wa kawaida, kwa mimba ya kwanza, mkunga alituambia tuondoke ukija kila dakika tano, unadumu kama dakika moja, na umeendelea hivyo saa nzima. Ukikaa mbali, usisubiri mpaka huko.

Kama ningerudishwa kwenye wikendi ile, ningeanza na geti Ijumaa usiku, wazazi Jumamosi, damu Jumapili. Kariakoo angekwenda mdogo wangu, peke yake, katikati ya wiki, na orodha fupi.

Mume wangu alirudi kutoka Dodoma kama alivyopanga, kisha akatumwa tena siku mbili. Wiki ya 38, Jumanne, saa tisa usiku, mvua inanyesha, chupa ikapasuka. Mdogo wangu akasoma karatasi ya mlangoni kwa tochi ya simu. Dereva wa kwanza kwenye orodha akapokea. Nikashika ufunguo wangu, nikafungua kufuli mwenyewe, na kelele za geti zikamwamsha mama mwenye nyumba. Akatoka na khanga begani, akasimama kibarazani akituangalia kwenye mvua.

"Jamani," akauliza, "leo ni kweli au ni majaribio?"