Kabla Hujalipa Kodi ya Mwaka Dar

Rangi ilikuwa mpya. Hicho ndicho nilichokisifia siku dalali aliponionyesha nyumba yetu ya kwanza Dar es Salaam. Vyumba viwili, sebule, choo ndani, fensi na geti. Kuta za nje zilikuwa krimu iliyochakaa, ila kutoka chini mpaka usawa wa kiuno zimepakwa kahawia inayong'aa. Nikajua ni urembo. Mimi nimekulia Mwanza, nyumba zinakaa juu ya mawe na maji ya mvua yanashuka yenyewe ziwani. Ukuta wa bondeni ningejulia wapi kuusoma?

Tukahamia Septemba. Masika yalipokolea, usiku mmoja nikashusha mguu kitandani nikakanyaga maji. Yalipokauka yaliacha mstari ukutani, palepale kahawia inapoishia.

Nyumba ilikuwa Tabata, upande wa bondeni. Nisiisingizie Tabata nzima, ni kubwa, na wanaokaa juu wanalala usingizi wao mvua ikinyesha. Tatizo ni Mto Msimbazi. Unaanzia vilima vya Pugu, unapita Kinyerezi, Tabata, Vingunguti, Jangwani, mpaka baharini pale Salenda. Ukionyeshwa nyumba popote karibu na njia yake, waulize wenyeji maji ya Desemba 2011 yalifika wapi. Ni yale mafuriko ambayo baadhi ya waathirika walipewa viwanja Mabwepande. Mtu aliyekuwepo hakosi jibu, atakuonyesha kwa mkono: hapa, kwenye dirisha.

Na maji yenyewe ni nusu ya shida. Mvua kubwa ikishuka, wapo wanaotapisha vyoo ili vinyesi vichukuliwe na mafuriko. Mwanangu mdogo wa miaka mitatu alichezea dimbwi mlangoni, akaharisha wiki nzima. Tukaondoka. Kodi nilishalipa ya mwaka, maana mwenye nyumba alinipunguzia kidogo nikaona nimepata. Hakurudisha hata shilingi.

Safari ya pili niliamua kwenda mitaani mwenyewe, saa ambazo dalali hayupo. Dalali atakupeleka saa nne asubuhi, jua limewaka, baa zimefungwa, watoto wako shule. Saa hiyo kila mtaa ni mzuri.

Nilichojifunza kikubwa nilikipata kituoni, Jumatatu, saa kumi na mbili kasoro asubuhi. Kulikuwa na nyumba niliyoipenda mno, jiko pana, mwembe uani. Shule ilikuwa vituo vinne mbele. Nikasimama na wanafunzi waliokuwa wakisubiri, vibegi vimewazidi migongo. Daladala ya kwanza haikusimama. Ya pili ikasimama, konda akaziba mlango kwa mkono: "Wanafunzi wawili tu!" Nauli ya mwanafunzi ni ndogo, na konda anapiga hesabu ya siku yake. Waliingia wawili, wa kike mmoja akashushwa na begi lake likabaki limenasa mlangoni, akawa anakimbia nalo. Alikuwa na umri wa mwanangu mkubwa. Nyumba ya mwembe nikaifuta hapohapo. Baba yao alilalamika siku mbili.

Tangu hapo sharti langu la kwanza ni mtoto aende shule kwa miguu, bila kuvuka barabara kubwa. Mengine tunavumiliana.

Jumamosi saa nne usiku nenda usikilize tu. Hilo halihitaji maelezo.

Halafu tafuta genge. Wajumbe wa mtaa wanasaidia, na barua ya utambulisho utaihitaji siku moja, ila mwenye genge ndiye anayejua nani kahama na kwa nini. Nunua kwanza, usiulize mikono mitupu. Kimara nilimkuta bibi anakata matembele. Nikachukua nyanya za buku na vitunguu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Unatafuta nyumba?"

Alishajua. Akaniambia maji ya bomba yanatoka Jumanne na Ijumaa, tena usiku, kwa hiyo nisichukue nyumba isiyo na tanki. Kisima kilichopo kina chumvi, cha kufulia tu. Kile kilima gari dogo halipandi kukiwa na tope, na boda watanidai mara mbili. Nilipouliza watoto wanachezea wapi, alinyoosha kisu kuelekea uwanja nyuma ya msikiti, hakuinua hata kichwa. Dakika kumi zile zilinifaa kuliko hela yote ya kuonyeshwa nyumba niliyokuwa nimewapa madalali.

Tukapanga hapohapo Kimara. Mwenye nyumba alitaka miezi sita, nikaomba mitatu, akanuna, akakubali. Usione aibu kuomba, wengi watakataa lakini wewe unamtafuta mmoja. Baba yao anapanda mwendokasi mpaka Posta. Jiko ni dogo hivi kwamba friji iko sebuleni, na tanki likiisha Jumatatu tunagombana nani kasahau kufungulia maji.

Mkubwa anatembea dakika kumi na mbili kwenda shule, anapita mbele ya genge. Wiki jana alipitia kwa rafiki yake bila kuaga. Saa kumi na robo simu ikaita, ni bibi: "Mama, mbona huyu mtoto leo sijamwona anarudi?"