Usimnyime mama dawa asubuhi ya kipimo

Dada, subiri kwanza. Umeandika kwamba mama ana miaka 71, ana Parkinson, huu ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa mwili, Jumatatu unampeleka kupimwa kumbukumbu kwa kompyuta, na aliyekupa miadi kakuambia aje bila kumeza dawa za asubuhi. Wewe umeuliza bei, sehemu nzuri hapa Tanga, na kama majibu yanaaminika. Mimi naanza na hilo la dawa maana ndilo lililotuunguza. MAMA AMEZE DAWA ZAKE.

Baba yangu naye ana Parkinson, na ana duka la vipuri vya baiskeli Ngamiani. Alianza kusahau majina ya watu, tukasema tumpime. Tukapata sehemu yenye kipimo cha kishikwambi. Kijana aliyepokea simu akaniambia, "Aje na njaa, asimeze kitu, tupate majibu safi." Nikaona sawa tu, si ndivyo tunavyopima sukari? Daktari wake sikumuuliza. Baba humeza levodopa, dawa yake ya Parkinson, saa 1 asubuhi. Siku ile kikopo cha dawa nilikificha mimi, kwa mkono wangu.

Tuliitwa saa 4. Levodopa haikai mwilini: nusu yake hutoka kwenye damu ndani ya saa moja na nusu hivi, ndiyo maana wagonjwa huimeza mara 3 au zaidi kwa siku. Ya baba ya usiku ilishaisha zamani. Alishuka kwenye bajaji amekakamaa kama ubao. Kipimo chenyewe, duara likitokea unaligusa, na mashine inahesabu umechelewa kiasi gani, mpaka vipande vya sekunde. Nilikaa nyuma yake. Duara linatokea, naona kabisa macho yameshaliona, mkono ndio kwanza unanyanyuka pajani. Kidole kikifika kinatetemeka, kinagusa mara 2, mashine inaandika kosa. Maelekezo yote Kiingereza, kijana anatafsiri huku anachati. Kwenye kukumbuka maneno baba aliyataja, ila kwa ile sauti ndogo ya ugonjwa huu. Kijana akasema hajasikia, akaendelea na lingine.

Karatasi ikatoka: akili iko chini sana, dalili za demensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Njiani baba akaniambia, "Wamepima kidole changu. Mimi sijaulizwa kitu." Nikadhani ni ubishi wa uzee.

Wiki ile ile tukafanya kikao cha ukoo. Baba mdogo akakabidhiwa funguo za duka na daftari la madeni. Miezi 8, dada. Mzee anashinda barazani, haongei. Bidhaa zikaisha, wadaiwa wakakana, kwa sababu nusu ya madeni yalikuwa kichwani mwake na sisi tulishaamua kichwa hicho hakifai. Na jioni wenzake wakija kucheza bao, mkono haumruhusu kusambaza kete, anamwelekeza mjukuu: "Anza na lile shimo la nne, zunguka, lala pale." Na anawafunga. Nilikuwa nayaona hayo kila siku na bado nikaiamini karatasi.

Yule kijana nikimkumbuka damu inanichemka mpaka leo. Si daktari, hakuuliza baba anaumwa nini, alitupa masharti ya kipimo cha damu kama vile wagonjwa wote ni sawa.

Aliyetufumbua macho ni daktari bingwa wa mfumo wa fahamu tuliyemfuata Dar. Swali lake la kwanza: "Siku ya kipimo alimeza dawa saa ngapi?" Sikuwa na la kujibu. Akatueleza kwamba Parkinson kweli hugusa akili, na mara nyingi huanza na umakini, kupanga mambo na kasi ya kufikiri, na wapo wanaofika kwenye demensia. Kwa hiyo kupima ni muhimu. Lakini lazima utenganishe mkono na kichwa. Akampima upya saa moja baada ya dawa, miwani usoni, kwa Kiswahili, akamwacha kwanza azoee kioo. Akaongeza maswali ya mdomo. Akatutajia na kipimo cha demensia kiitwacho IDEA, kilichotengenezewa wazee wa wilaya ya Hai kule Kilimanjaro, hata asiyejua kusoma anakifanya: unataja wanyama, unapanga njiti za kiberiti kwa mfano unaoonyeshwa. Majibu ya baba: anafikiri polepole, umakini umepungua kiasi, demensia hana. Akakuta pia alikuwa anapewa benzhexol ya kupunguza kutetemeka. Dawa hiyo huvuruga kumbukumbu za wazee. Akaipunguza taratibu. Kama mama anaitumia mwambieni daktari wake, msiikate wenyewe.

Baba tulimrudishia funguo mwezi wa Ramadhani. Alizipokea, akashukuru, akazitundika msumarini. Duka hajalifungua mpaka leo.

Kwa hiyo wapigie leo, usingoje Jumatatu. Waambie mama ana Parkinson na atameza dawa kwa saa yake. Waulize kama wanaweza kumpanga saa moja baada ya dozi, na kama maelekezo yapo kwa Kiswahili. Wakikataa, ghairi, umpigie daktari anayemwandikia dawa. Halafu rudi hapa uniambie wamekujibu nini, niko macho mpaka usiku.