Kompyuta Moja, Watu Watatu

Duka langu la kuchapa na kujaza fomu liko Langoni, hapa Lamu, kwenye uchochoro ambao punda akipita na mifuko ya mchanga inabidi ujibane ukutani. Kompyuta ni moja, ya mezani, ina GB 8 za RAM (kumbukumbu ya kazi) na Linux Mint, mfumo unaoiendesha badala ya Windows, wenye mandhari nyepesi ya Xfce. Tunaoitumia ni watatu: mimi, mke wangu anayeshika hesabu za nyumba ya wageni kule Shela, na mtoto wa kaka yangu aliye sekondari.

Kwa miaka tulitumia akaunti moja, yangu. Siku moja mzee wa Matondoni aliketi nami karibu nusu saa nikimjazia fomu, kisha akatoka nje kumpigia mwanawe simu amsomee namba fulani. Adhana ikanikuta, nikaenda msikitini. Kurudi, kijana kafunga madirisha yote apate nafasi ya kuandika insha yake.

"Ami, nilidhani umemaliza."

Tukaanza upya. Mzee hakusema neno, na hilo liliniuma kuliko angenifokea.

Dawa ilikuwemo ndani ya Linux siku zote. Mpe kila mtu akaunti yake, na zamu ikibadilika usitoke, bali chagua kubadilisha mtumiaji. Skrini ya kuingilia inajitokeza, mwenzako anaandika nywila yake na kupata madirisha yake. Yako yamebaki nyuma vilevile ulivyoyaacha, hata faili linaloshushwa linaendelea kushuka. Kila mtu aliyeingia hivyo ana kipindi chake, na unaweza kuhama kati ya vipindi kwa vitufe: kwangu kipindi cha kwanza hukaa Ctrl+Alt+F7 na cha pili Ctrl+Alt+F8. Wenye GNOME (mandhari nyingine ya Linux) na GDM, skrini yake ya kuingilia, F1 kwa kawaida ni skrini ya kuingilia, vipindi vya watu vinaanzia F2.

Lakini vitufe hivyo ni mlango usio na komeo. Ukihama kwa Ctrl+Alt bila kufunga skrini kwanza, yeyote atakayebonyeza F7 anaangukia kwenye mambo yako. Mteja wangu mmoja alibonyezabonyeza akajikuta anasoma ujumbe wa mke wangu. Tangu hapo funga skrini ni sheria ya duka, nami ndiye ninayeisahau zaidi.

Nilijaribu pia ujanja wa kufungua vipindi viwili kwa jina langu hilo hilo: Ctrl+Alt+F3 ikanipa skrini ya maandishi matupu, nikaingia, nikaandika `startx -- :1`, amri ya kufungua madirisha. Hiyo `:1` ni namba ya skrini, kwa sababu `:0` tayari ina mwenyewe. Kilifunguka vizuri, ila brauza yangu, Firefox, ikagoma, maana vipindi vyote viwili vinagombea folda moja ya mipangilio. Ukitaka viwili vyako, jifungulie akaunti ya pili kwa `sudo adduser`, yaishe. Mimi ninayo moja ya wateja tu.

Sauti nayo ina tabia yake. Spika hupewa aliye mbele ya skrini, kwa hiyo taarabu yangu hukatika kijana akihamia kwake. Usihangaike kutafuta hitilafu, ndivyo ilivyopangwa.

Kuhusu RAM, Xfce yenyewe haisumbui. Anayekula ni brauza, na vipindi vitatu ni brauza tatu. Fungua terminal, yaani dirisha la kuandikia amri, andika `free -h` uone kilichobaki kabla kompyuta haijaanza kukokota miguu. Mwenye GB 4 aishie vipindi viwili, na kurasa chache. Na stima ikikatika, vyote vinakufa pamoja, kwa hiyo kila mmoja ahifadhi kazi yake kabla ya kumpisha mwenzake.

Vipindi vilivyosahaulika utaviona kwa `loginctl list-sessions`, na unaweza kukiua kimoja kwa `loginctl terminate-session` na namba yake. Amri hiyo haimwulizi mtu kama amehifadhi. Juzi usiku niliona kipindi kimekaa bure, nikakiua, nikaenda kulala.

Asubuhi mke wangu akaniuliza hesabu zake ziko wapi. LibreOffice, programu anayoandikia hesabu, ilimrudishia sehemu tu. Tuliketi kuingiza upya risiti za siku nzima, mimi nikisoma, yeye akiandika, na kijana kando anacheka: "Ami, ulidhani amemaliza?"