Al-Ahram ni gazeti la nani? Maswali yenu kuhusu gazeti kongwe la Misri

Ni kweli kwamba Al-Ahram halikuanzishwa na Wamisri? (Msomaji, Tanga)

Ni kweli. Walilianzisha ndugu wawili Wakristo, Salim na Bishara Taqla, wazaliwa wa Kfarshima karibu na Beirut. Toleo la kwanza lilitoka Alexandria tarehe 5 Agosti 1876. Mwanzoni lilikuwa la kila wiki, na mwaka 1881 likaanza kutoka kila siku. Baadaye likahamia Cairo. Enzi hizo Washami, yaani watu wa Syria na Lebanon, wengi wenye kalamu walikimbilia Misri, maana kwao mkono wa Waturuki ulikuwa mzito.

Waingereza walipoitwaa Misri, gazeti lilisimama wapi? (Msomaji, Mombasa)

Liliwapinga. Lakini tusilivike kilemba cha uzalendo mtupu: akina Taqla walikuwa karibu na Wafaransa, washindani wa Uingereza. Waingereza nao walikuwa na mtetezi wao, gazeti la Al-Muqattam, lililoanza mwaka 1889.

Heikal alikuwa mwandishi au msemaji wa rais? (Msomaji, Dar es Salaam)

Yote mawili, na ndiyo maana jina lake halifutiki. Mohamed Hassanein Heikal alishika uhariri mwaka 1957, na Mei 1960 Rais Gamal Abdel Nasser akayataifisha magazeti. Heikal alikuwa mwandani wa rais. Kila Ijumaa safu yake, Bi-Saraha, ilisomwa na mabalozi neno kwa neno, kwa kuwa humo ndimo walimotafuta anachowaza Nasser.

Hata hivyo, ni huyohuyo aliyelijaza gazeti waandishi wa fasihi: Tawfiq al-Hakim, Yusuf Idris, Naguib Mahfouz. Mwaka 1959 Al-Ahram lilichapisha riwaya ya Mahfouz, Awlad Haratina, sehemu baada ya sehemu. Mashekhe wa Al-Azhar, chuo kikongwe cha Kiislamu cha Cairo, wakapiga kelele kwamba inawavunjia heshima mitume. Heikal hakukatiza, aliichapa hadi sehemu ya mwisho. Kama kitabu, riwaya hiyo ilichapwa Beirut mwaka 1967, na Misri ikasubiri hadi 2006. Mimi namheshimu kwa hilo, ingawa siwezi kusahau kwamba uhuru ule ulikuwa wa mtu aliyekuwa na sikio la rais. Wahariri wasio na rafiki Ikulu hawakuupata. Na ulinzi wenyewe ulikwisha: mwaka 1974 Rais Anwar Sadat, mrithi wa Nasser, alimwondoa, baada ya kutofautiana naye kuhusu njia ya kufuata baada ya vita vya Oktoba 1973 na Israel.

Je, Sauti ya Cairo waliyoisikiliza wazee wetu ilikuwa mali ya gazeti hili? (Msomaji, Zanzibar)

Hapana. Matangazo yale ya Kiswahili ya miaka ya 1950 yalikuwa ya redio ya serikali.

Ile habari ya picha ya Mubarak ina ukweli? (Msomaji, Nairobi)

Inao. Septemba 2010 viongozi walikutana Ikulu ya Marekani kwa mazungumzo ya amani. Kwenye picha halisi Obama yuko mbele, na Hosni Mubarak, rais wa Misri wakati huo, yuko nyuma, pembeni. Al-Ahram likachapa picha ambayo Mubarak ndiye anayewaongoza wenzake kwenye zulia jekundu. Mhariri mkuu alipobanwa, aliitetea kwamba ilieleza nafasi ya Misri katika mazungumzo hayo. Huko ni kumdanganya msomaji, hakuna jina jingine. Miezi mitano baadaye, tarehe 12 Februari 2011, siku moja baada ya Mubarak kujiuzulu, gazeti hilohilo lilibeba kichwa kikubwa: Wananchi wauangusha utawala. Mwenye nchi alikuwa amebadilika, na gazeti likageuka naye.

Ninajifunza Kiarabu. Nilisome? (Msomaji, Muscat)

Lisome, Kiarabu chake ni safi. Usiruke kurasa za tanzia: marehemu hutajwa pamoja na wanawe, wakwe na wajomba, kila mmoja na cheo chake, daktari, mhandisi, jenerali. Wamisri husema asiyetangazwa kwenye Al-Ahram hajafa. Ukitaka kujua serikali inataka lipi lisemwe leo, ukurasa wa kwanza unatosha. Ila kwa habari za wafungwa na mahakama, fungua pia Mada Masr, chombo huru kilichoanza 2013, ambacho tovuti yake ilifungiwa ndani ya Misri mwaka 2017.