Maswali na majibu: Akili tupu hamtaipata, msiitafute

Nikikaa kutafakari, mawazo ndiyo yanazidi. Nifanyeje akili iwe tupu? (Masasi)

Swali hili halikauki, na jibu ni lilelile: hakuna aliyekwambia akili iwe tupu. Katika mafundisho ya Buddha ya kuangalia pumzi, anapanasati, unatakiwa ujue kwamba unavuta na ujue kwamba unatoa. Ikiwa ndefu ujue ni ndefu, ikiwa fupi ujue ni fupi. Akili ikikimbilia deni la dukani, irudishe puani. Ikikimbia tena, irudishe tena. Huko kurudisha ndiko kutafakari kwenyewe. Nawaomba, swali la akili tupu liishie hapa.

Magoti yananiuma nikikunja miguu. (Mikindani)

Kaa kwenye kiti.

Mimi ni Mwislamu. Je, huku siyo kuabudu sanamu? (Lindi mjini)

Kuangalia pumzi hakuna dua wala sanamu. Mwaka 1979 Mmarekani Jon Kabat-Zinn aliyaingiza mazoezi haya katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts kwa wagonjwa wenye maumivu sugu, na hakumtaka mtu abadili dini. Moyo ukisita, muulize kwanza sheikh wako.

Lakini niseme ambalo hukuuliza. Buddha hakufundisha pumzi peke yake. Aliwataka wafuasi wake wasiue, wasiibe, wasizini, wasiseme uongo, wasilewe. Sioni msikiti wala kanisa la huku kwetu litakalopinga hayo. Wengi wanaoniandikia wanataka moyo utulie jioni ilhali mchana wamepunja mizani ya mkulima. Hautatulia, na haustahili kutulia.

Shikamoo mwalimu. Korosho zetu zimeshauzwa mnadani, malipo bado. Nashtuka usiku silali tena, na mke wangu namfokea bure. Kutafakari kutanisaidia? (Tandahimba)

Marahaba, na pole sana. Pumzi haileti hela, ila usingizi na maelewano na mama watoto vinaweza kurudi.

Ukishtuka usiku, usishike simu kuangalia kama ujumbe wa benki umeingia. Keti kitandani, taa ikiwa imezimwa. Utafute wasiwasi uko wapi mwilini: kifua kimebana? Umeuma meno? Mabega yamepanda? Mahasi Sayadaw, mtawa wa Burma, alifundisha kufuata tumbo linavyopanda na kushuka, na kutaja kimoyomoyo kila kinachojitokeza. Wasiwasi ukija, taja "wasiwasi, wasiwasi", kisha rudi tumboni. Usibishane nao wala usiufukuze. Utapanda, utakaa, utapungua, na baadaye utarudi. Ukishauona mara kadhaa ukipungua wenyewe, hautakuburuza tena kama sasa. Hasira nayo ni hivyohivyo: ukiiwahi ingali kwenye taya, haifiki mdomoni.

Fanya dakika kumi kila siku, hata siku ya furaha. Anayesubiri mambo yaharibike ndipo aketi, hujikuta hana mazoea ya kumsaidia.

Asubuhi nenda chama cha msingi cha ushirika ukaulize malipo yamekwama wapi. Kutafakari siyo kunyamazia haki yako. Na jihadhari, maana wasiwasi huuhuu ndio unaowapeleka watu kwa wanunuzi wa kangomba, yaani walanguzi, wakauza kwa bei ya kutupa korosho za msimu ujao zikiwa bado maua. Uamuzi wa fedha usiufanye usiku.

Kuna mtu kwenye kundi la WhatsApp anataka tumtumie laki mbili atufundishe vipassana. (Nachingwea)

Usitume. Vipassana ni kutafakari kwa kuangalia mwili na akili vilivyo. Kozi zake za siku kumi ambazo mwalimu S. N. Goenka alianza kuziendesha India mwaka 1969 hazina ada mpaka leo. Gharama hutoka kwenye michango ya waliokwisha kuzimaliza. Ukiwa na safari ya Dar es Salaam, pale Upanga lipo hekalu la Wabudha lililoanzishwa na Wasinhala wa Sri Lanka. Kaulize pale.

Mdogo wangu tangu afiwe na mumewe hali, halali, anasema heri naye afe. Nimfundishe kutafakari? (Newala)

Hapana, siyo sasa. Mpeleke hospitali leo, na maneno hayo mwambieni daktari kama alivyoyasema. Mtu wa hali hiyo akikalishwa kimya muda mrefu na mawazo yake anaweza kuzidiwa. Kwa mganga msimzungushe, mnapoteza siku. Akipewa dawa asiziache kwa maneno ya mtu yeyote, hata yangu. Usiku alale na mtu chumbani, na dawa za kupulizia mikorosho mlizoweka uvunguni zitoeni nyumbani leo hii.