Ukija Kusailiwa Kigoma, Njoo na Masikio

Kila mwezi wa Machi, mvua ikiwa bado inapiga bati kiasi cha watu kutosikilizana, sisi wa kikundi cha maigizo tunafungua ukumbi wa kuazima maeneo ya Mwanga, hapa Kigoma, na kusaili waigizaji wa msimu. Msimu wetu ni wa kiangazi, Juni hadi Septemba, maana tunacheza nje: viwanja vya shule, mialo ya wavuvi, magulio ya Kasulu na Kibondo. Mwaka huu utakuwa wa 11 mimi kukaa mezani pa wasaili, na kabla ya hapo nilisimama pale mtakaposimama ninyi.

Wiki hizi simu yangu haipumziki. Wengine mmemaliza chuo cha sanaa cha TaSUBa kule Bagamoyo, wengine Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wengine hamjasomea sanaa popote ila mmezunguka na vikundi vya uhamasishaji vya halmashauri. Wote swali lenu ni moja: "Shikamoo mwalimu, niandae nini?" Nimeona niwajibu kwa pamoja, tena kwa kirefu, maana ninayoyasema kwenye simu huwa nusu nusu.

Kwanza jueni hesabu yetu. Tunachukua watu 6 kwa michezo 3. Kila mmoja wa hao 6 atabeba wahusika wanne, watano, msimu mzima. Dada aliyekuwa mama mkwe Ijumaa pale Ujiji, Jumamosi ni mwenyekiti wa kijiji, Jumapili ni mtoto wa darasa la nne. Kwa hiyo mezani hatupangi watu kwa alama kama mtihani wa taifa, tunapanga timu. Tukishapata wanaume wawili warefu wenye sauti nzito, wa tatu wa namna hiyo hatapata nafasi hata akicheza kutoa machozi. Nimeshamwambia mtu hapana huku najua moyoni kwamba siku ile hakuna aliyemfikia. Ukikosa mwaka huu, usiende kujiambia huna kipaji. Njoo mwakani, timu itakuwa nyingine.

Sasa vipande vya kuigiza mbele yetu. Andaa viwili visivyofanana, kila kimoja kisizidi dakika 2. Kumbi za mikoani kule Uingereza mara nyingi nazo huomba viwili, kimoja cha Shakespeare na kimoja cha kisasa. Sisi tunataka kimoja kutoka tamthilia ya Kiswahili na kingine cha masimulizi, yaani hadithi unayoisimulia mwenyewe ukiitazama hadhira, kama alivyokuwa akisimulia bibi yako jikoni. Hicho cha pili vijana wengi hukidharau, nami ndicho ninachokisubiri. Kwenye masimulizi hakuna pa kujificha. Ukisema "Paukwa", lazima usubiri "Pakawa", na namna unavyosubiri inaniambia mengi.

Kwenye kipande cha tamthilia, karibu nusu yenu huja na Kinjeketile. Tamthilia ile ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969 ni mali yetu sote na naiheshimu, lakini wengi hawaigizi Kinjeketile, wanamwigiza kaka aliyemwigiza Kinjeketile shuleni. Mikono ileile, kutetemeka kulekule. Ukiichagua, isome upya kama vile hujawahi kumwona mtu akiicheza.

Na vijana wa Tabora, ninyi huja na hotuba ya Antoni mbele ya maiti ya Kaizari, kutoka tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar. Nawaelewa. Aliyeitafsiri tamthilia hiyo kwa Kiswahili mwaka 1963 ni Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora na baadaye akafundisha palepale mjini, shule ya St. Mary's. Tatizo ni kwamba mnaipiga kama mbiu ya mgambo tangu neno la kwanza. Hebu fikirini Antoni yuko wapi. Anasimama mbele ya watu ambao dakika chache tu zilizopita walikuwa wakimshangilia Bruto, mmoja wa waliomwua Kaizari. Hawamtaki. Anaomba masikio yao kwa sababu bado hana masikio yao. Asiposikiliza wananung'unika nini, hawezi kuwageuza, na hotuba nzima ni kazi ya kuwageuza, hatua kwa hatua. Mwigizaji anayeinguruma peke yake ukumbini hajauona umati ule. Mwaka fulani kijana mmoja aliianza kwa sauti ya kawaida, akanyamaza, akatutazama mmoja mmoja sisi watatu mezani, kisha akaendelea kama vile mmoja wetu ametikisa kichwa kukataa. Nilijikuta nimekaa wima.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, maana ndilo jambo lenyewe. Usaili wetu unapima masikio kabla ya mdomo.

Nililijua hili kwa kuumia. Mwaka wangu wa tatu mezani nilimchagua mtu kwa ngurumo. Alikuwa na sauti iliyojaza ukumbi, kifua, macho, kila kitu. Sikumpa mtu wa kusoma naye, nilishamaliza kumchagua kichwani. Mazoezini nikaanza kuona: mwenzake akiongea, yeye yuko kimya akisubiri zamu yake, macho yamegota ukutani. Tulipofika mwalo wa Kibirizi, katikati ya mchezo, mama mmoja aliyekuwa amekalia ndoo akapaza sauti, "We kaka, mwenzio anaongea na wewe!" Watu wakacheka mahali ambapo palitakiwa kilio. Wiki tatu baadaye sauti yenyewe ikakatika, na mtu wa kuziba pengo hatukuwa naye. Lile lilikuwa kosa langu, halikuwa lake. Yeye alicheza vilevile alivyocheza siku ya usaili.

Tangu hapo hakuna anayeajiriwa kwetu bila kusoma na mwenzake. Ukimaliza vipande vyako viwili, kama tumekubakiza, utapewa karatasi yenye kurasa mbili usizowahi kuziona, dakika 15 za kuzipitia, na mtu usiyemjua wa kusoma naye.

Niwaonyeshe ninachokitazama. Miaka miwili iliyopita karatasi hiyo ya usaili ilikuwa na onyesho la mke anayemwuliza mumewe pesa ya dagaa imekwenda wapi. Mume alikuwa kaka mmoja mwenye jina kwenye video, mke alikuwa binti kutoka upande wa Kasulu ambaye hakuna aliyekuwa akimjua. Wakaanza. Kaka akarusha mkono kwa hasira, karatasi ikamponyoka, upepo wa mlangoni ukaibeba sakafuni. Akasimama, akatutazama, akaanza kuomba radhi. Binti yule akainyoosha ndala yake na kuikanyaga karatasi. Akamtazama mumewe. Akasema taratibu, "Na hii nayo ulitaka ikimbie?"

Neno hilo halikuwa kwenye skripti. Lakini alikuwa bado ni mke, bado anauliza pesa, na akampa mwenzake mlango wa kurudi ndani. Kaka akainama kuiokota, na kule kuinama mbele ya mkewe kukawa ni kuinama kwa mtu mwenye hatia. Ilikuwa sekunde nne za ukweli mtupu.

Halafu nikawapa maelekezo, kama ninavyowapa wote. Nikasema: rudieni, ila sasa mama unajua pesa iko wapi, unamjaribu tu uone kama atasema kweli. Mara ya pili hakumtazama kabisa. Alikunja khanga yake ncha kwa ncha kana kwamba anaiweka sandukuni, akauliza swali lilelile kwa sauti ya mtu anayeuliza kama chai ina sukari. Kaka akarudia kama mwanzo, mkono ukapanda kwenye neno lilelile. Mmoja wao yuko nasi hadi leo.

Kwa hiyo nikikwambia "rudia, lakini hivi", usidhani umekosea. Mara nyingi nimependa na nataka kujua kama unabadilika. Ukilibeba agizo hata likakushinda, nitakuona umelibeba. Kinachonivunja moyo ni mtu anayeitikia "sawa mwalimu" halafu anarudia alichokipika nyumbani.

Sauti nayo. Wengi mmelelewa na kamera, na kamera inasikia hata pumzi. Kibirizi haisikii pumzi. Huko tunacheza siku za mbalamwezi, kwa sababu dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukijaa, wavuvi wanabaki nchi kavu na uwanja unajaa watu. Kuna injini za mitumbwi, watoto, redio za vibandani. Sitaki kelele, kelele inachosha koo na inaua maana. Nataka pumzi ya tumboni, na nataka miisho ya maneno. Kiswahili kinaficha mambo makubwa kwenye mwisho wa kitenzi. "Amempiga" na "amempigia" ni visa viwili tofauti, na "amepigwa" ni cha tatu. Ukiumeza mkia wa neno, mama wa safu ya nyuma hajui nani kamfanya nini nani, na mchezo wote unamponyoka. Fanya zoezi hili: msimamishe rafiki yako hatua 30 mbele yako mahali penye watu, mwambie hadithi bila kupiga kelele, kisha akurudishie alichosikia.

Na lafudhi zenu, tafadhali, msiziache stendi. Kuna vijana wa Kiha wanaokuja kwangu na Kiswahili cha kujilazimisha cha Kariakoo, wanaona haya kwamba wametoka Heru au Manyovu. Hadhira yetu ni Waha, Wamanyema, Wabembe, Wanyamwezi, na watu waliofuata reli tangu ilipofika hapa mwaka 1914. Lugha ya kuazima wanaigundua kabla hujamaliza sentensi. Mhusika akitaka lafudhi nyingine tutaifanyia mazoezi. Ya kwako ni hazina, tunaihitaji.

Mambo madogo nayapitia haraka. Viatu vya chini, nguo unayoweza kukalia sakafu, khanga au kikoi kwa sababu husaidia mwili kubadilika. Picha moja inayofanana na wewe wa leo. Kitambulisho chako, na usajili wa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kama unao. Kama huna tutakuelekeza. Kama unatoka Dar es Salaam kwa treni, reli ile ni takriban kilomita 1,250 na huchelewa. Fika siku moja kabla, ulale. Na sema ukweli kuhusu ratiba yako. Ukishafunga mkataba wa tamthilia ya televisheni kwa mwezi Julai, niambie siku ileile, usingoje tufike Uvinza.

Kuhusu fedha na usalama sipiti haraka. Usaili ni bure. Anayekutoza "fomu" ili akusaili anakuibia. Mazoezi nayo ni kazi, ulizia malipo yake, na uyaone kwenye karatasi kabla hujasaini. Waigizaji wa jukwaani wa Marekani walianzisha chama chao, Actors' Equity Association, mwaka 1913, na kumbi zinazofunga nacho mkataba hufuata masharti yake, hata ya usaili. Sisi huku hatuna ngao ya namna hiyo, kwa hiyo karatasi yako ndiyo ngao yako. Soma kila mstari.

Na hili nalisema kama dada yenu mkubwa. Nilipokuwa na miaka 20 mwongozaji mmoja aliniambia nimfuate gesti jioni "tukapitie skripti". Sikwenda, na nafasi nikaikosa, na kwa muda mrefu nilidhani mimi ndiye niliyekosea. Kumbe kudai ngono ili mtu apewe kazi ni kosa la jinai. Liko kwenye Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, na mahali pa kulipeleka ni TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa. Kwetu mezani huwa tuko watatu, lazima awepo mwanamke, mlango hubaki wazi hata mvua ikirusha maji ndani, na hakuna anayeitwa nyumbani kwa mtu. Popote utakapokwenda kusailiwa, una haki ya kuuliza nani atakuwepo chumbani, na una haki ya kuja na mtu wako akusubiri nje.

Usaili unachukua Ijumaa na Jumamosi. Jumapili tunakaa watatu na majina, tunabishana, tunayahamisha kwenye meza kama kete za bao mpaka watu 6 wakae pamoja na michezo 3 ikubali. Jumatatu jioni napiga simu mwenyewe, kwa wote, waliopata na waliokosa, na aliyekosa namwambia sababu. Kama umetoka mbali usikimbilie kupanda basi Jumapili, maana mara mbili imetokea tukamhitaji mtu asome tena na mwenzake na yeye akawa ameshapita Nguruka.