Naogopa mbwa, nitajitoleaje?

SWALI: Shangazi, nimehamia Anchorage, Alaska. Wenzangu kazini hujitolea kwenye Iditarod, yale mashindano ya mbwa wa kukokota sleji, kigari cha kuteleza kwenye theluji. Mimi mbwa nawaogopa tangu utotoni Tanga. Nitafaa kazi gani?

JIBU: Mwanangu, mimi nilianzia kwenye vivuko vya barabara. Jumamosi ya kwanza ya Machi ni maonyesho tu, katikati ya mji. Safari yenyewe ya kwenda mji wa Nome, mashindano yanakoishia, karibu kilomita 1,600, huanza kesho yake, mara nyingi kutokea Willow. Theluji ya mjini huletwa kwa malori na kumwagwa barabarani (nilicheka sana: theluji inabebwa Alaska!), na wanahitajika watu wa kuzuia watazamaji. Mbwa humgusi.

Mwaka uliofuata nikashika kamba za mbwa. Usidhani ni majitu. Wengi ni wembamba tu. Ila wakisikia wenzao wanabweka, huruka kama wamepagawa, na wakikuzidi nguvu watakuburuta. Utafundishwa kwanza. Kuumwa sijaumwa, kulambwa uso, we acha tu.

Vaa glavu nyembamba ndani ya zile nene. Viatu usinunue vya bei chee, vyangu viliniponza kucha mbili.